Mbuzi Tumewahesabu, Watoto Je?

Ukame uliotukaba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2.4 katika kaunti kame za Kenya. Takwimu hiyo ni ya serikali yenyewe. Mawaziri waliitaja mbele ya wafadhili, magazeti yakaiandika, na hakuna aliyeibishia. Sasa mwulize waziri yeyote, au gavana yeyote wa kaunti hizo, swali la pili: watoto wangapi walikufa katika ile misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana? Hana jibu. Hata ukipekua makabati yote ya Nairobi hutalipata, maana hakuna aliyetumwa kulitafuta.

Nchi iliyoweza kuhesabu mizoga ya ngamia Wajir na Marsabit isiniambie kwamba kuhesabu makaburi ya watoto wa hukohuko ni kazi isiyowezekana. Tangu 2010 wafugaji wa Marsabit wamekuwa wakiuziwa bima ya mifugo inayotegemea setilaiti: jicho liko angani, linatazama majani yakinyauka, na fidia inalipwa. Tumepeleka macho angani kwa ajili ya nyasi. Kwa ajili ya mtoto hatujapeleka hata daftari.

Tazama jinsi kifo kinavyopotea. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anafariki usiku katika boma la wafugaji huko Kibish, kaskazini kabisa mwa Turkana. Amehara siku nne. Asubuhi anazikwa. Kisheria, kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, naye ndiye anayeandikisha na kutoa kibali cha maziko. Lakini naibu wa chifu yuko mbali, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na mama ana watoto wengine wawili ambao nao hawajala. Nani atawaacha hao akamwandikishe aliyekwisha zikwa? Kabla ya mwezi kuisha boma limehama kufuata malisho. Kwa kuwa mtoto huyo hakuwahi kupata hata cheti cha kuzaliwa, kwa dola ya Kenya hakuzaliwa na hakufa.

Na yule anayebahatika kufikishwa hospitalini? Akifia wodini, anaandikwa kuhara, nimonia au surua. Daktari hajasema uongo, maana ugonjwa ulikuwepo. Ila mtoto aliyeshiba hupambana na kuhara akapona, na yule ambaye mwili wake umeshajila wenyewe hana cha kupambana nacho. Njaa ndiyo iliyofungua mlango, na jina lake halionekani popote kwenye fomu. Hapo ndipo wanasiasa wetu wanapopata pa kujificha. Machi 2019, vyombo vya habari viliporipoti kwamba watu wanakufa njaa Turkana na Baringo, maafisa wakuu wa serikali walijitokeza kukana. Ushahidi uko wapi? Walidai ushahidi kutoka kwa watu walionyimwa mwandishi, karani na daftari, kisha wakauchukua ukimya wa makaratasi kuwa ndio ushindi wao. Huo ni ukatili, na mimi siwezi kuuita jina jingine.

Dunia nayo ina kipimo chake. Ili eneo litangazwe kuwa na baa la njaa, mambo matatu hutazamwa: angalau familia moja kati ya kila tano iwe imeishiwa chakula kabisa, asilimia 30 ya watoto wawe na utapiamlo mkali, na watu wawili kati ya kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Katika wadi ya watu 10,000, hayo ni maziko 60 kwa mwezi. Atakayeyajua maziko hayo 60 ni nani, kama si mtu anayeishi humohumo, anayejua nyumba ya nani imenyamaza?

Majirani zetu Wasomali wameulipia ukimya huu kwa maisha yao. Baa la njaa lilitangazwa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai 2011, ilhali tahadhari zilikuwa zimeanza kutolewa mwaka uliotangulia. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa kaburini kabla tangazo halijasomwa. Mwaka 2022 baa la njaa halikutangazwa kabisa, na bado watafiti walikuja kukadiria vifo 43,000 vya ziada. Nasema walikuja, kwa sababu makadirio hayo yalitoka Machi 2023. Hesabu inayofika baada ya maziko inawafaa wanahistoria. Mama aliyekuwa na mtoto hai mwezi wa Juni haikumfaa kitu.

Uchungu unazidi ukijua kwamba kazi ya kumtambua mtoto aliye hatarini, kabla hajafika kaburini, ni nyepesi. Kipimo ni utepe wenye rangi tatu. Unazungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, unavutwa kwa upole bila kubana ngozi, kisha unasomwa kwenye kidirisha. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: mtoto yuko hatarini, apelekwe leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Zaidi ya hapo ni kijani. Halafu unaminya miguu yote miwili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu. Ukiachia na mashimo yakabaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo, hata kama mkono umeonyesha kijani. Haihitaji umeme wala digrii. Kule Niger, katika wilaya ya Mirriah, shirika la ALIMA liliwafundisha akina mama wenyewe kupima, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waligundua hatari mapema na watoto wao hawakulazimika kulazwa kwa wingi kama wengine. Mama asiyejua kusoma anaijua rangi nyekundu.

Watu wa kuifanya kazi hiyo tunao. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu. Jambo jema, na nililishangilia. Lakini posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na katika kaunti kadhaa wamelazimika kulalamika hadharani kwamba hata hizo hazifiki kwa wakati. Mjini mhamasishaji hupita nyumba nyingi kwa muda mfupi. Turkana, kaunti ya kilomita za mraba karibu 70,000, boma na boma hutenganishwa na jua kali, na nauli ya boda boda kwenda na kurudi inaweza kumeza posho yote. Simu bila mtandao inabaki kuwa tochi. Anayetaka hesabu ya kweli amlipe anayehesabu, kwa wakati, na amwongezee nauli.

Tena wananchi wamechoka kupimwa bure. Gari linakuja, mikono inapimwa, majina yanaandikwa, gari linaondoka. Mama anaambiwa mtoto wake ni mwekundu, kisha anafika zahanati na kukuta pakiti za chakula-tiba zimeisha. Huko ni kumdhalilisha. Kila utepe unaotoka ghalani utoke pamoja na chakula-tiba, na hesabu ya kila mwezi isomwe barazani mbele ya wazee na akina mama waliotoa majibu, kabla haijatumwa Nairobi.

Nchi yetu imeridhika mno kuhesabiwa na wageni. Januari 2025 Marekani ilipofunga mfuko wake wa misaada, FEWS NET, mtandao wa kutoa tahadhari za njaa ulioanzishwa 1985 baada ya maafa ya Ethiopia, ulizimwa ghafla. Mwezi uliofuata ukakatizwa mpango wa tafiti za afya ya familia, ambao kwa miongo umekuwa ukituambia watoto wetu wangapi hawafikishi miaka mitano. Saini moja ng'ambo, nasi tukapofuka. Bajeti ya kuwahesabu Wakenya waliokufa ipitishwe na Wakenya bungeni.

Kila mwezi NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame, hutoa taarifa ya ukame kwa kila kaunti kame. Ndani yake mna bei ya mbuzi, bei ya mahindi, umbali wa kufuata maji, hali ya malisho, na asilimia ya watoto walio hatarini kwa utapiamlo. Ninadai mstari mmoja zaidi: watoto wa chini ya miaka mitano waliofariki mwezi huu, wadi kwa wadi, kwa hesabu ya wahamasishaji na manaibu wa chifu. Na ninadai sheria iseme kwamba hesabu ikivuka kiwango, fedha za dharura zitoke siku hiyohiyo bila kusubiri waziri apande ndege kwenda kujionea. Magavana mnaojiandaa kuomba kura 2027, anzeni na mstari huo. Uwekwe kwenye taarifa ya mwezi ujao.