Benki na Sarafu Huanguka Pamoja

Wapo wasomi wanaopenda kutenga kuanguka kwa mabenki na kuporomoka kwa thamani ya fedha, kana kwamba ni magonjwa mawili yasiyojuana. Yaliyotokea Chile yanaonyesha kuwa ni maradhi ya nyumba moja.

Mwaka 1979 serikali ya kijeshi ya Jenerali Pinochet, ikishauriwa na wachumi waliosomea Chicago, iliifunga peso kwenye dola: peso 39 kwa dola moja. Wakati huo mabenki yalikuwa yamekwisha kuuzwa kwa mabepari wachache, ambao pia walimiliki viwanda, wakawa wanajikopesha wenyewe. Riba ya ng'ambo ilikuwa nafuu kuliko ya nyumbani, na maadamu serikali iliapa kwamba 39 haitabadilika, nani angeogopa kukopa dola? Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Mwenye mapato ya peso alidaiwa dola, na vitabu vya benki vikaonyesha kuwa mambo ni shwari.

Riba za Marekani zikapanda, bei ya shaba ikashuka, dola zikaadimika. Juni 1982 peso ikashushwa thamani. Madeni ya dola yakavimba mara moja, wakopaji wakashindwa kulipa, mabenki yakaanza kuzama. Benki Kuu ilipoyamwagia fedha ili kuyaokoa, fedha hizo nazo zikaenda kutafuta dola, na peso ikazidi kudidimia.

Januari 1983 serikali ile ile iliyohubiri soko huria iliyatwaa mabenki kadhaa, yakiwamo mawili makubwa kuliko yote ya binafsi. Tanzania ilipotaifisha mabenki Februari 1967 ililaumiwa sana. Chile ilitaifisha hasara.

Pato la taifa lilipungua kwa zaidi ya asilimia 13 mwaka 1982. Waliodaiwa dola waliuziwa dola kwa bei ya upendeleo. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi alipewa kibarua cha dharura, kwa ujira mdogo mno.

Kwa hiyo anayetaka kujua uimara wa shilingi yetu asiishie kuhesabu akiba ya fedha za kigeni. Aulize pia ni nani amekopeshwa dola na mabenki ya hapa nchini huku akiuza bidhaa zake kwa shilingi. Huko Chile, deni la Banco de Chile kwa Benki Kuu, lililotokana na uokoaji ule, lilimalizika kulipwa mwaka 2019.