Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wahenga walisema ya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni wazi: asiyeuchukua haujui uzito wake. Twaikumbuka methali hii kila barua za uhamisho zitokapo maofisini. Barua ni karatasi moja tu, na huandikwa kwa dakika tano. Lakini nyuma ya karatasi hiyo pana kitanda, kabati, magunia ya mahindi, cherehani ya mke, vitabu vya watoto na kuku kadha wa kadha. Vyote hivyo hapana budi vipakiwe, visafirishwe na vishushwe salama. Ni nani aichukue kazi hiyo, na ni nani ailipe? Hilo ndilo swali letu leo.

Natutwae mfano wa mwalimu aliyeagizwa kutoka Dar es Salaam aende kufundisha Masuguru, katika nchi ya Handeni na Korogwe. Barabara kuu ipitayo Chalinze na Segera ina lami njema. Walakini nyumba za watu hazikujengwa zote kando ya lami. Mwalimu huyu, kwa kuwa fedha yake ni haba, humtafuta mwenye lori sokoni, wakapatana kwa maneno matupu, bila karatasi wala shahidi. Lori lifikapo njia panda, dereva huitazama ile njia ya vumbi akasema, “Huku hatukupatana.” Hapo mwalimu hana la kujibu, maana mali yake yote i juu ya gari la mtu mwingine. Atalipa nyongeza, ama atashushwa pale pale na vyombo vyake juani. Msiba huu si wa mwalimu peke yake. Ni wa karani, wa mganga wa zahanati, wa fundi wa reli, na wa mwenye duka anayehama mji mmoja kwenda mwingine.

Watu wa Korogwe na Handeni hawahitaji kufundishwa habari za watu kuchukuliwa kutoka mbali. Mashamba ya mkonge ya huko yalijengwa kwa jasho la manamba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika wafanya kazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo iliwasafirisha watu hao kuja mashambani na kuwarudisha makwao mkataba uishapo. Hatusemi haya kwa kumsifu mkoloni. Mishahara ilikuwa midogo na maisha ya kambini yalikuwa magumu. Twasema tu ya kwamba hata tajiri yule aliyehesabu kila senti alitambua jambo moja: gharama ya kumhamisha mfanya kazi ni gharama ya kazi yenyewe, wala si ya mfuko wa mfanya kazi. Itakuwa aibu iwapo sisi, katika nchi huru, tutalisahau jambo ambalo tajiri wa mkonge alilijua.

Baada ya Uhuru nchi yetu imehama mara nyingi. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 mamilioni ya watu walihamia vijijini. Nia ilikuwa kuwaleta watu karibu na shule, maji na zahanati. Lakini yafaa tuseme kweli: mahali pengine malori yalikuja ghafula, watu wakapakiwa kwa haraka, wakashushwa na vyombo vyao mahali pasipo nyumba wala shamba lililo tayari. Kosa lile liliwafundisha waliokuwako ya kwamba kusafirisha watu si sawa na kusafirisha magunia. Anayehamishwa aulizwe kwanza, apewe muda, na mahali aendapo pawe tayari.

Somo hilo limerudi tena katika wilaya ya Handeni yenyewe. Tangu Juni 2022 Serikali imekuwa ikiwachukua wakazi wa Ngorongoro na kuwapeleka Msomera kwa magari yake, pamoja na vyombo na mifugo yao, ikiwajengea nyumba na kuwapa ardhi. Wako waliokwenda wakashukuru. Wako wengine waliolalamika ya kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na wako wenyeji wa Msomera waliouliza juu ya ardhi waliyokuwa wakiitumia zamani. Mwaka 2025 Rais alizindua tume mbili, moja ya kuchunguza mgogoro wa ardhi wa Ngorongoro na moja ya kutazama zoezi la kuhama kwa hiari. Hapa hatutoi hukumu. Tunaloliona ni kwamba lori la bure na nyumba mpya havitoshi kuyanyamazisha maswali ya mtu juu ya mahali alipotoka na mahali aendapo.

Na Serikali yenyewe ilipohama je? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa na TANU mwaka 1973, lakini safari yenyewe ilishika kasi mwaka 2016, Waziri Mkuu akihamia Septemba mwaka ule, na Rais akifuata mwaka 2019. Katika safari ile Serikali haikuliambia jalada lijitafutie nauli. Kiti cha ofisi kina namba ubavuni, kimeandikwa katika daftari, na fedha ya kukihamisha imepangwa. Basi je, kiti cha Serikali kina haki kuliko kitanda cha mtumishi wake? Madai ya uhamisho ya walimu na watumishi wengine yamekuwa wimbo wa miaka mingi. Yamehakikiwa, yamelipwa kwa sehemu, kisha mengine yakazaliwa. Dawa yake ni moja: pasipo na fedha ya kumhamisha mtumishi, barua ya uhamisho isitoke.

Kwa wafanya kazi wengine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, yasema hivi: mkataba wa mfanya kazi ukikatika mahali pasipokuwa pale alipoajiriwa, mwajiri ama amsafirishe mfanya kazi pamoja na mizigo yake mpaka alipoajiriwa, ama amlipie safari, ama ampe posho ya safari, na kwa siku atakazokaa akingoja, amlipe fedha ya kujikimu. Hiyo ni haki, wala si hisani.

Lakini soma vizuri, ndugu mfanya kazi. Posho hiyo yaweza kuwa nauli ya basi tu, mpaka kituo kilicho karibu na mahali ulipoajiriwa. Basi humchukua mtu na sanduku lake. Halichukui kitanda, kabati na magunia. Mwajiri mwenye mkono mkavu atachagua njia iliyo rahisi kwake, na sheria haitamzuia. Pengo hili si la kulililia, ni la kuliziba. Vyama vya wafanya kazi, TPAWU mashambani, TUICO viwandani na madukani, na vinginevyo, vikae na waajiri na kuandika katika mikataba ya pamoja ya kwamba mizigo ya nyumba itasafirishwa kwa gharama ya mwajiri, na kwa uzito uliotajwa. Nauli ya basi ndicho kima cha chini kilichowekwa na sheria. Kazi ya chama ni kukipandisha.

Sasa twende kwa mchukuzi mwenyewe. Siku hizi katika miji yetu yako makampuni yaliyofanya kuhamisha watu kuwa kazi yao maalumu. Hayo huleta maboksi, kamba, blanketi za kuvikia makabati na vijana waliozoea. Bei yao ni kubwa kuliko ya lori la sokoni, nasi hatumwambii maskini atupe fedha yake. Ila awe amemkodi nani, yako mambo asiyoyaacha. Kwanza, mchukuzi aje nyumbani auone mzigo kabla ya kutaja bei, na aelezwe njia yote, lami na vumbi. Pili, iandikwe orodha ya vitu katika nakala mbili, kila mmoja atie sahihi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, mapatano yaseme bei ni ya kupakia, kusafirisha na kushusha, na yaseme nani atalipa kitu kikivunjika. Nne, gari liwe na leseni ya LATRA ya kuchukua mizigo, na risiti itolewe. Tano, fedha yote isilipwe kabla mzigo haujafika.

Watu wengi hudhani ya kwamba bima ya gari hulinda kabati lililo juu yake. Sivyo. Bima ile ya lazima ni kwa ajili ya watu wengine wanaodhurika barabarani. Mali iliyopakiwa huhitaji bima yake mbali. Hata hivyo Sheria ya Mikataba humtaka aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara angaliitunza yake mwenyewe. Kwa hiyo yule asemaye, “Kuvunjika ni bahati mbaya,” hana neno la mwisho. Mwenye orodha na sahihi anaweza kumdai mbele ya sheria; asiye nazo atabaki na masikitiko.

Tusimsahau pia yule kijana ainamaye na friji mgongoni. Utingo na mpakizi ni wafanya kazi kama sisi. Mara nyingi bei rahisi ya lori hutoka katika mifupa yao: hulipwa kwa siku, hawana mkataba, na huketi juu ya mzigo safari nzima. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2008 ili mtu aumiapo kazini asitupwe. Kampuni isiyowachangia watu wake haistahili kuitwa hodari, hata blanketi zake zikiwa safi namna gani. Ndugu mwenye kuhama, ukiuliza bei, uliza na habari zao.

Neno letu ni hili. Amuruye mtu ahame, alipe lori kabla ya kuandika barua. Achukuaye mali ya mtu, atie sahihi na ajibu kwa kila kitu. Naye anayehama, awe mwalimu wa Masuguru ama mwenye duka wa Korogwe, asipandishe hata kijiko garini kabla ya kukiandika. Na siku yule dereva atakaposema kwenye njia panda, “Huku hatukupatana,” mwalimu atie mkono mfukoni, atoe karatasi, amwonyeshe.