Mtoto wa Mbinga Ataingia Lini Porini?



Twawafundisha watoto wetu katika katekisimu kwamba wanyama wa mwitu ni kazi ya mikono ya Mungu. Kisha mtoto huyo huyo hukua katika vilima vya Umatengo, kati ya kahawa na mikaratusi, asipate kumwona mnyama wa mwitu aliye mkubwa kuliko ngedere. Pundamilia humjua kwa picha ya kitabuni. Tembo humjua kwa habari za shamba lililokanyagwa usiku.

Pembezoni mwa mji wa Songea ipo bustani ya wanyamapori ya Ruhila, pori la asili lililoachwa karibu na makazi ya watu. Kutoka Mbinga ni kilomita zipatazo 100, kwa barabara ya lami kupitia Peramiho. Nilikwenda huko na watoto wa Utoto Mtakatifu. Walipomwona pofu amesimama kivulini, wote wakanyamaza. Na ye yote anayewafahamu watoto hao atakiri kwamba jambo hilo si dogo. Mmoja akaninong'oneza, "Baba, kumbe hawa ni wetu?"

Swali hilo limeninyima raha. Ikiwa ni wao, mbona hasara tu ndiyo tuliyowapa? Katika mkoa wetu, hususan Tunduru, wakulima hukesha wakilinda mahindi dhidi ya tembo. Kanuni za serikali za mwaka 2011 hazikuyaita malipo yao fidia. Ziliyaita kifuta jasho. Na kwa aliyefiwa, kifuta machozi, shilingi 1,000,000. Wakati huohuo, mwanakijiji akiingia katika Pori la Akiba la Liparamba, wilayani Nyasa, bila kibali cha maandishi, ni mkosaji mbele ya sheria. Sipingi sheria hiyo, maana majangili tunawajua, na wengine husali pamoja nasi. Lakini ni nani aliyepata kumweleza mwanakijiji namna ya kukiomba kibali hicho?

Hata ziwani ni vivyo hivyo. Samaki wadogo wa rangi wa miamba ya Nyasa, ambao wengi wao hawapatikani penginepo duniani, hutazamwa na watoto wa Ulaya ndani ya masanduku ya kioo sebuleni. Wa kwetu pale Mbamba Bay huwaona juu ya chanja tu.

Wapo watakaosema: watu wanatafuta ada na mbolea, nawe Padre wahubiri pundamilia! La hasha. Tunazo fedha za kukodi basi kwenda kwenye jubilei na harusi za mbali, wala hatuoni haya. Tena mtu atavumiliaje hasara ya mnyama ambaye hajapata kumtazama kwa amani hata siku moja? Atatega kitanzi, nasi tutamwita mhalifu.

Kwa hiyo naziomba kamati za Haki na Amani za parokia mambo mawili. Kwanza, Halmashauri ya Walei itenge nauli ya Ruhila kabla ya likizo ya Juni, ikianza na watoto wasio na mtu wa kuwalipia. Pili, tuwaandikie wenye mamlaka ya Liparamba, kupitia ofisi ya wanyamapori ya wilaya, kwamba wanafunzi wa vijiji vya mpakani waingizwe bure, wakiongozwa na askari wa pori, angalau mara moja kwa mwaka. Jumuiya Ndogo Ndogo zikusanye sahihi. Barua nitaipeleka mwenyewe.