Kitabu na Mpira: Je, Mshika Mbili Moja Humponyoka?



Katika shule yetu hakuna methali itajwayo mara nyingi kama hii: "Mshika mbili moja humponyoka." Mwalimu wa zamu huitaja akimkuta mtu uwanjani jioni, naye kitabu amekiacha kitandani. Wazazi huitaja siku ya kufungua shule. Hata sisi wenyewe twaambiana, hasa tukifika Kidato cha Sita, ambapo mvulana akionekana bado anavaa viatu vya mchezo hutazamwa kama mgonjwa aliyekataa dawa. Kwa upande wa pili wako wale wasemao kwamba aliyejaliwa mikono myepesi na acheze tu, vitabu awaachie wenye vichwa. Makundi haya mawili hubishana mpaka kengele ya kulala, lakini ukiyachunguza utaona yote mawili yanaamini neno lile lile, ya kwamba mtu mmoja hawezi kuwa hodari darasani na uwanjani. Mimi naona neno hilo si kweli, nami nataka kumleta shahidi.

Shahidi wangu ni Mmarekani, jina lake Bill Bradley, aliyekuwa mchezaji wa mbele wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Princeton tangu mwaka 1962 hata 1965. Alizaliwa tarehe 28 Julai 1943 katika Crystal City, mji mdogo wa jimbo la Missouri kando ya mto Mississippi, uliojulikana kwa kiwanda chake cha vioo. Urefu wake ni futi sita na inchi tano, na kwa wacheza kikapu wa Marekani huo si urefu wa kushangaza. Hakuwa na mbio za kutisha, wala hakuruka kupita wenzake. Basi mtu wa namna hii alipataje kuwa mmoja wa wachezaji bora kabisa waliowahi kutoka katika vyuo vya nchi ile?

Alifanya kazi. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alijizoeza saa tatu na nusu kila siku baada ya masomo, na Jumamosi alianza saa tatu asubuhi akamaliza saa kumi na moja jioni. Alitia viatuni vipande vya madini ya risasi, uzito wa ratili kumi, ili miguu izoee taabu. Alipanga viti uwanjani kana kwamba ni adui, akawa anapita katikati yao akidundadunda mpira. Alivaa miwani iliyobandikwa karatasi ngumu upande wa chini, asiweze kuutazama mpira mkononi mwake, ila atazame mbele waliko wenziwe. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji kipaji. Viti tunavyo, karatasi ngumu tunazo.

Mwandishi John McPhee, aliyeandika habari zake mwaka 1965, ameeleza jambo moja ambalo mimi husimulia kila nipatapo nafasi. Siku moja Bradley alikuwa akijizoeza katika ukumbi asiouzoea. Alirusha mipira kadha wa kadha, yote ikagonga chuma na kutoka. Akasimama, akafikiri, akabadili kidogo namna ya kurusha, kisha ikaanza kuingia. Baadaye akamwambia yule mwandishi kwamba kikapu kile kiko chini kwa kadiri ya inchi moja na nusu. Mwandishi alirudi siku nyingine na futi ya chuma, akapanda, akapima. Kikapu kilikuwa chini kwa inchi moja na sehemu moja ya nane! Sasa nawauliza, ndugu zangu, hiyo ni kazi ya mikono au ya kichwa? Mtu aliyekosea mara nyingi mfululizo, naye badala ya kukasirika akatafuta sababu ya kukosea, ametenda jambo lile lile tunalotakiwa kutenda tukirudishiwa karatasi ya hesabu imejaa wino mwekundu.

Alipomaliza sekondari mwaka 1961, vyuo kama 75 vilimwita viko tayari kumsomesha kwa ajili ya mchezo wake. Kwanza alikubali kwenda Chuo Kikuu cha Duke. Lakini majira yale ya joto alivunjika mguu, na alipokuwa akiuguza alianza kujiuliza atakuwa mtu gani ikiwa siku moja hapatakuwa na mpira tena. Akabadili nia, akaenda Princeton, kwa sababu chuo hicho kilisifika kwa kuwaandaa vijana kwa kazi za serikali. Princeton na vyuo wenzake wa kundi lake havitoi msaada wa masomo kwa ajili ya michezo. Basi mvulana aliyeombwa na vyuo 75 akaenda mahali ambapo karo yake ililipwa na baba yake, na mtihani wake ulisahihishwa kama wa mtu mwingine yeyote.

Je, mchezo ulipungua? Hata kidogo! Wakati ule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo, kwa hiyo alicheza miaka mitatu tu. Katika miaka hiyo alipata pointi 2,503 katika michezo 83, yaani zaidi ya 30 kila mchezo, na wakati ule hapakuwa na kikapu cha pointi tatu. Mara zote tatu Princeton walikuwa mabingwa wa kundi lao. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo katika michezo ya Olimpiki, naye ndiye aliyekuwa mdogo kwa umri katika timu ya Marekani, wakarudi na medali ya dhahabu baada ya kuwashinda Warusi 73 kwa 59.

Desemba ya mwaka huo huo, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Princeton walipambana na Chuo Kikuu cha Michigan, timu yenye nguvu nyingi iliyoongozwa na Cazzie Russell. Bradley alipata pointi 41. Kisha, zikiwa zimebaki dakika nne na kitu, alihesabiwa kosa la tano, akatolewa. Wakati huo Princeton walikuwa na 75, Michigan 63. Mchezo ulipokwisha, Michigan walikuwa na 80 na Princeton 78. Nadhani hakuna hesabu ionyeshayo thamani ya mtu mmoja wazi kuliko hiyo.

Machi 1965 waliwapiga Providence 109 kwa 69, wakaingia katika timu nne za mwisho za vyuo vyote vya Marekani. Princeton hawajafika hapo tena tangu siku ile. Huko Portland Michigan waliwashinda kwa mara ya pili, 93 kwa 76. Ikabaki kugombea nafasi ya tatu na Wichita State. Bradley, kwa desturi yake, akawa anawapa wenzake mipira ili nao wafunge katika mchezo huu wa mwisho. Wenzake wakamrudishia. Mwalimu wao wa timu, Butch van Breda Kolff, akamwamuru arushe mwenyewe. Basi akarusha mara 29, zikaingia 22, na mipira ya adhabu akapata 14 katika 15. Jumla pointi 58, na hesabu hiyo haijafikiwa bado na mtu yeyote katika michezo ya timu nne za mwisho. Timu yake ilikuwa ya tatu, lakini yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Na vitabu je? Mwaka ule ule aliandika insha yake ndefu ya historia juu ya Harry Truman na uchaguzi wa Seneti wa mwaka 1940, akapata digrii yenye heshima, akachaguliwa kwenda kusoma Oxford kwa msaada wa Rhodes. Timu ya New York Knicks ilikuwa tayari kumpa fedha nyingi aanze kucheza kwa mshahara. Akawaambia wangoje. Alikaa Oxford hata mwaka 1967, na huku nyuma akisafiri mpaka Milano, Italia, kuchezea timu ya huko, iliyopata ubingwa wa Ulaya mwaka 1966. Aliporudi kwao alicheza na Knicks miaka kumi. Huko hakuwa tena mfalme. Alipata pointi kama 12 tu kwa mchezo, kazi yake ikiwa kukimbia, kupokea na kumpa aliye mahali pazuri. Kwa njia hiyo Knicks walitwaa ubingwa mwaka 1970 na 1973. Kisha akawa Seneta wa jimbo la New Jersey miaka 18, tangu 1979 hata 1997. Mwaka 2000 alijaribu kuteuliwa na chama chake agombee urais, akashindwa na Al Gore. Hakupata kila alichotaka; lakini nani aweza kusema kwamba huyu mshika mbili moja ilimponyoka?

Najua jibu mtakalonipa, maana nimelisikia katika chama chetu cha mijadala. Mtasema, "Huyo alikuwa mtoto wa mkuu wa benki. Aliweza kukataa msaada wa vyuo 75 kwa sababu kwao hawakukosa kitu." Jibu hili ni zito, nami silipuuzi. Ni kweli kwamba baba yake alikuwa mkuu wa benki, na utajiri wa nyumba yao ndio uliomfanya asistahili msaada wa aina yoyote Princeton. Kijana maskini hana nafasi ya kuchagua hivyo. Akiitwa na shule kwa ajili ya mchezo, huenda huo ndio mlango pekee utakaomfungukia maishani, na mimi sitamlaumu akiingia.

Lakini hapo ndipo neno langu lilipo. Kijana asilaumiwe, ila shule iliyomwita ina deni. Nina rafiki tuliyekua naye kijiji kimoja. Alichukuliwa na shule moja, ambayo sitaitaja, kwa sababu ya mpira. Asubuhi alikuwa mazoezini wenzake wakiwa darasani. Mitihani ilipokaribia alipewa alama asizozitolea jasho, naye akafurahi, na nani asingefurahi katika umri ule? Alipoumia goti muhula wa pili, karo yake haikulipwa tena. Alirudi nyumbani na kombe moja dogo na cheti kisichoweza kumpatia kazi ya karani. Leo ana miaka ishirini. Goti limepona, lakini miaka mitatu haikurudi. Sisi tuliobaki shuleni tulimpigia makofi katika kila mchezo, wala hatukumwuliza hata siku moja anaendeleaje katika masomo.

Kwa hiyo, natoa mashauri matatu mbele ya walimu wetu, wanafunzi wenzangu, na ninyi wazee wetu mliopita hapa kabla yetu.

La kwanza, mchezaji na akae darasani kama sisi, afanye mtihani ule ule, apewe alama alizozipata. Kumwongezea alama ni kumwibia huku anacheka. Akikosa masomo kwa ajili ya safari ya timu, afundishwe jioni masomo yaliyompita.

La pili, wanafunzi wa mwaka wa mtihani wasikatazwe michezo. Saa moja ya uwanjani haijamwangusha mtu. Zinazowaangusha watu ni zile saa tatu za kukaa kitandani na kitabu kifuani, macho yakitazama dari. Aliyezoea kurudia mrusho mmoja mara mia atajua pia kurudia fumbo la hesabu mpaka alifungue, kwa kuwa subira ni ile ile.

La tatu, na hili nawaelekea hasa wanafunzi wa zamani. Kila mwaka mnatuletea kwa ukarimu mipira, jezi na vikombe, nasi twashukuru sana. Lakini pangekuwako mfuko mdogo wa kumlipia karo mchezaji aliyeumia, mpaka amalize kidato chake cha mwisho, hakuna kijana ambaye angerudi nyumbani kama rafiki yangu alivyorudi. Jezi huchakaa kwa muda wa miaka miwili.

Methali ya wazee wetu siikatai. Nasema tu kwamba ni onyo kwa mwenye mkono mlegevu, wala si amri ya kutupa kimoja. Bradley alivunjika mguu akiwa kijana, akajiuliza bila mpira atakuwa nani, naye alikuwa na jibu la kutafuta na mahali pa kulitafutia. Kila mchezaji wa shule hii anastahili kuulizwa swali hilo mapema, na kusaidiwa kulijibu, akiwa bado na magoti yake mawili mazima.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita