UTUNZAJI WA MOTOKAA: Breki ya Mkono Isiyoshika

Motokaa ikikaa miaka mingi pwani huanza kumdanganya mwenyewe, na aghalabu udanganyifu huo huanzia katika breki ya mkono. Mwenye gari huvuta mkono, husikia meno yakilia, huuona umesimama imara, akashuka bila wasiwasi. Gari nalo, likiachwa penye mteremko, huanza kutambaa polepole.

Mkazi wa Mtopanga aweza kuendesha miezi mingi asiijue hitilafu hiyo, kwa kuwa mara nyingi huegesha nyumbani au dukani, mahali pa sawa. Huja kuijua siku anapovuka daraja la Nyali, akapita kisiwani, akafika kivuko cha Likoni na kusimama katika mteremko, bahari mbele na lori nyuma. Tarehe 29 Septemba, 2019, gari moja liliteleza kinyumenyume kutoka katika feri ya Harambee, na mama na bintiye wakafa maji. Haisemwi hapa kwamba breki ya mkono ndiyo iliyokuwa sababu. Yasemwa tu kwamba mahali pale hapana nafasi ya kukosea.

Dawa iliyozoeleka ni mbaya. Mwenye gari humwambia fundi, “Kaza waya tu, nina haraka,” naye fundi hukaza. Kwa siku chache mkono huwa mzito na mwenye gari hufurahi. Lakini ikiwa viatu vya breki vimelika, waya uliokazwa huvivuta muda wote. Husugua dramu njiani, gurudumu hupata moto, petroli huliwa bure, na baada ya mwezi breki hulegea kuliko mwanzo. Waya haukuwa na kosa lolote.

Yafaa kuanzia kwenye magurudumu. Tuchukue mfano wa Volkswagen ya mgongo wa kobe, aina iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1962 na ambayo wapenzi wa magari ya kale wangali wanaitunza. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, mkono wa breki ushushwe kabisa, kisha nyuma painuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi imara. Jeki peke yake haiaminiki. Kupitia tundu dogo, bisibisi huzungusha kigurudumu chenye meno mfano wa nyota mpaka viatu vikiguse dramu. Kanyaga breki ya mguu ili viatu vikae katikati, kisha rudisha meno matatu au manne, gurudumu lizunguke kwa wepesi. Kila gurudumu la nyuma lina nyota mbili, na zote zahitaji kazi hiyo.

Ndipo waya hutazamwa. Gari hili lina nyaya mbili, moja kwa kila gurudumu, na nati zake zipo chini ya mkono wa breki. Mkono ukivutwa meno mawili, magurudumu yote mawili yaanze kuwa mazito kwa kiasi kimoja. Ukivutwa meno manne, mtu asiweze kuyazungusha kwa mikono. Moja likishika na jingine likicheza, usikimbilie kukaza ule upande mlegevu. Huenda waya umeshikwa na kutu ndani ya ala yake, kwa maana hewa ya chumvi haina huruma, au mafuta ya gia yamevuja kupitia sili iliyochakaa yakalowesha viatu. Viatu vilivyolowa mafuta havioshwi kwa petroli vikarudishwa, ingawa wengi hufanya hivyo. Sili hubadilishwa, na viatu vya pande zote mbili pia.

Vumbi lililomo ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo. Viatu vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Kitambaa chenye maji chatosha.

Kazi ikiisha, gari lipelekwe penye mteremko mdogo usio na watu, gia iwe huru, mkono uvutwe, na mguu uachie breki taratibu, huku mtu wa pili akiwa kando na jiwe tayari, wala si nyuma ya gari. Likishika likielekea juu, ligeuzwe lijaribiwe likielekea chini.