Mahame Yetu na Mashine ya Kutafutia Hazina

Katika nchi za Ulaya na Marekani imeenea burudani ambayo sasa inabisha hodi kwetu, nayo ni ya mtu kwenda katika bustani ya umma, katika shamba lililolimwa au katika kiwanja cha nyumba iliyobomoka zamani, masikioni amevaa visikilizio na mkononi ameshika mashine iitwayo detekta, yaani fimbo yenye duara la nyaya nchani, akiipitisha taratibu juu ya majani bila ya kugusa ardhi, mpaka sauti imwarifu kwamba chini ya miguu yake pana madini. Aghalabu kinachotoka ni msumari, kizibo cha chupa au kipande cha bati. Lakini huja siku ikatoka pete, kifungo cha vazi la askari au sarafu, na hapo ndipo penye utamu wa kazi hii na ndipo penye hatari yake.

Simlaumu mtu kwa kuipenda mashine hiyo, kwani hamu ya kujua waliotutangulia waliishije ni hamu njema. Ninalotaka kulisema ni kwamba kitu cha kale kina thamani mbili, moja imo ndani yake na nyingine imo mahali kilipolala. Na anayekitwaa bila ya kuhifadhi habari za mahali pake huiharibu ile ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo iliyo kubwa.

Ithibati ya neno hili iko Pemba. Mwaka 1984, katika mahame ya Mtambwe Mkuu, wataalamu walifukua akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani lakini hazina tarehe wala jina la mji, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Kifatimi, ambazo zina tarehe. Kwa kuwa zilikutwa zimelala pamoja, dhahabu ile ya kigeni ikaishuhudia fedha ya kwetu, ikadhihirika kwamba katika karne ya 11 watu wa pwani walikuwa na sarafu zao wenyewe. Lau mwenye tamaa angalitangulia na detekta yake, akaipeleka dhahabu kwa sonara huyu na fedha kwa sonara yule, hakuna chuo kikuu duniani ambacho kingaliweza kuurudisha ushahidi huo. Hali kadhalika sarafu moja ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambayo kwa uzito wa shaba yake haina bei ya kutajwa, ilipofukuliwa katika magofu ya Great Zimbabwe ilithibitisha kwamba mkono wa biashara ya Kilwa ulifika bara kusini mwa Zambezi.

Uingereza, ambako burudani hii ina wafuasi wengi, walitambua kwamba katazo pekee humfundisha mtu kuficha, wakatunga mwaka 1996 sheria inayomtaka anayepata hazina ya dhahabu au fedha kuiarifu serikali katika muda wa siku 14, na makumbusho yakiitaka, huilipia bei ya haki, ambayo kwa desturi hugawanywa kati ya aliyeipata na mwenye ardhi. Wakaweka pia maofisa wa kuandika habari za vitu vidogo visivyo hazina, kama vifungo, bizimu na sarafu mojamoja. Mwaka 2009 mtu mmoja aliyekuwa akitafuta katika shamba la Staffordshire alipata maelfu ya vipande vya dhahabu na fedha vya zama za wafalme wa Kisaksoni. Akatoa habari, na makumbusho mawili yakalipa pauni 3,285,000, zikagawanywa nusu kwa nusu baina yake na mwenye shamba. Mwaka 2015, huko Herefordshire, watu wawili walipata hazina ya zama za Waviking wakaificha na kuiuza kwa siri; mwaka 2019 wakafungwa gerezani, na sehemu kubwa ya sarafu zilizokuwamo katika hazina hiyo haijaonekana hata leo.

Kwetu mambo yamesimama vingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nchini Tanzania inakataza kufukua mambo ya kale bila ya leseni, na Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2006. Lakini wako watu ambao, kwa kusadiki hadithi za hazina ya Mjerumani, huchimba usiku katika maboma ya zamani na hata makaburini. Ni kweli kwamba mwaka 1916 Wajerumani walipiga chapa huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Lakini kuwapo kwa sarafu hizo hakumpi mtu ruhusa ya kuvunja kaburi la maiti wala kubomoa ukuta wa boma ambao ni mirathi ya wajukuu zetu.

Basi rai yangu ni hii. Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Gede na mahame yote yaliyohifadhiwa yasiingiwe na detekta ya mtu binafsi kwa hali yoyote, kama vile Marekani inavyoikataza mashine hiyo ndani ya hifadhi zake za taifa. Kwingineko, mkulima aliyegonga kitu kwa jembe au kijana aliyekisikia kwa mashine ajue afisa wa kumwendea katika wilaya yake, aandikiwe hati, na alipwe tuzo ya haki kabla sonara hajamtangulia kwa bei yake. Fedha za tuzo hizo Bunge lizitenge katika bajeti, kwani sarafu ikishayeyushwa hainunuliki tena. Nawe msomaji, ukikuta sarafu ya kale, usiisugue kwa mchanga wala kwa ndimu, maana utafuta maandishi yake. Iache palepale, pima umbali wake kutoka mti au ukuta ulio karibu, uandike, kisha uwaarifu wanaohusika.