Mchuuzi wa Omena si Mjinga, Programu Yenu Ndiyo Mbovu

Wiki jana, katika ukumbi mmoja mjini Homa Bay, ofisa fulani alisimama kueleza kwa nini programu ya mikopo ya wachuuzi wa samaki imekwama. "Programu haina shida," alisema. "Shida ni watu wetu. Hawajaelimika. Tukiwapa mafunzo wataizoea." Ukumbi ukampigia makofi. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Kazi yangu ni kubuni huduma za simu kwa kuanza na utafiti: kukaa na watakaozitumia, kuwatazama wakiwa kazini, kuwapa mchoro wa kwanza waujaribu mbele yangu, kisha kuubomoa na kuuchora upya. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: dhana kwamba mwananchi akishindwa na programu basi yeye ndiye mjinga ni uongo, na uongo huo unawafaa walioitengeneza.

Nendeni Mbita alfajiri, mitumbwi ya omena ikiingia. Nilikaa pale na mama mmoja aliyekuwa akihangaika na programu hiyo hiyo. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, vidole vimelowa na kujaa magamba. Amefika swali la nne, lote Kiingereza, mara mteja anataka gorogoro mbili. Anapima, anapokea pesa, anarudisha chenji. Akishika simu tena, imekata, aanze upya. Huyu ni mtu anayeweka hesabu za wadeni wake wote kwenye daftari la shule. "Nyathina," yaani mwanangu, aliniambia, "hii kitu haijui niko kazini."

Halafu kuna marejesho: kiasi kile kile, kila wiki. Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki na mitumbwi inalala ufuoni. Kila mtoto wa Mbita anajua hivyo. Aliyechora programu hakujua, kwa sababu hakuuliza. Sasa hapo nani hajaelimika?

Wahubiri wa mafunzo wanijibu kuhusu M-Pesa. Mwaka 2005 ilifanyiwa majaribio na wakopaji wadogo wa shirika la mikopo la Faulu, Nairobi na Thika, iwasaidie kulipa mikopo. Wakopaji wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Wasimamizi hawakuwaitia semina ya kuwarekebisha. Waliwatazama, wakaweka kando habari ya mikopo, na Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani. Leo nyanya ambaye hakuona mlango wa darasa anapokea pesa za mwanawe bila kufundishwa na ofisa yeyote.

Serikali imelisahau somo hilo. Oktoba 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF ya zamani, mchuuzi anayekula alichopata leo alitakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, shilingi 3,600 kwa uchache. Aliyepanga hivyo hajawahi kuketi na mtu anayeuza kwa gorogoro.

Maofisa wakibanwa, husema utafiti hauna bajeti. Bajeti ya fulana ipo. Ya kofia ipo. Ya hoteli Kisumu na posho ipo. Mahema yapo, na vipaza sauti vya hotuba za itifaki zinazokula asubuhi nzima, huku mama aliyeacha meza yake ya samaki akingoja dakika mbili za kusema ambazo hapewi kamwe. Pesa zikifika kwenye nauli ya matatu ya kwenda Mbita, ndipo zinakwisha! Hoja hiyo haistahili hata kujibiwa.

Kaunti na mashirika, msimlipe mtengeneza programu mpaka awaonyeshe ni wachuuzi na wavuvi gani waliijaribu, walikwama wapi, naye akabadilisha nini. Na wewe mchuuzi, wakikuita kwenye mafunzo ya programu isiyokufaa, kaa kwenye meza yako uuze samaki. Waje wao wajifunze kwako.